Athanas Petro Mkude, Aliyepanda Wafalme Matombo

Itangazwe kwa waombolezaji wote, Wakristo na Waislamu, walio chini ya turubai na waliosimama kwenye tope, na kwa wafalme wa Rumi ya Mashariki popote walipozikwa: mwakilishi wao pekee katika milima ya Uluguru, Mwalimu Athanas Petro Mkude, amefariki. Nafasi iko wazi. Hakuna aliyeiomba.

Kamati ya mazishi ilitaka wasifu huu useme marehemu alikuwa mwalimu na mkulima, uishie hapo, aibu ifukiwe pamoja naye. Mjane, Bibi Mwanahawa Salum, aliwaambia kamati imepewa kazi ya turubai na masufuria, mengine waache. Kalamu akawapa wajukuu, ambao kwa mila ndio watani wa babu yao, na mtani hanuniwi msibani.

Marehemu alizaliwa Matombo tarehe 3 Machi 1949, mtoto wa tatu wa Petro Mkude na Maria. Mama huyo amelala makaburi ya misheni. Likumbukwe, tutalirudia.

Alisoma shule ya misheni, kisha seminari. Huko padri mmoja mzee alimfundisha herufi za Kiebrania zinazotangulia mafungu ya Zaburi ya 119, kuanzia Alef hadi Tau, ishirini na mbili, kila moja na picha yake ya kale: Alef ng'ombe, Beth nyumba, Ayin jicho, Tau alama. Mwenzake wa dawati, Agustino, alizikariri afaulu mtihani. Athanas alizipenda, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Aliondoka seminari mwaka 1969 kwa maelewano: yeye alikuwa amechoka, na wao walikuwa wamechoka zaidi.

Mwaka 1972 aliajiriwa kufundisha historia Ngerengere. Alishikilia kwamba zaburi ile imebeba safari ya dola zima la Rumi ya Mashariki. Konstantino Mkuu ni Alef, ng'ombe anayefungua shamba. Justiniani ni Beth, maana alimjengea Mungu nyumba kubwa. Ayin alimpa malkia Irene, aliyempofusha mwanawe wa kumzaa ili akalie kiti peke yake. Tau ni Konstantino wa mwisho, aliyekufa mji wake ulipotekwa mwaka 1453. Mkaguzi mmoja alimwuliza haya yapo kwenye mtaala gani. Akajibu hayapo, ndiyo maana watoto hawasinzii.

Mwaka 1976 alimwoa Bibi Mwanahawa, binti wa muuza iliki, kwa kibali cha askofu, na kila mmoja akabaki na dini yake. Alipostaafu mwaka 2009 walirudi Matombo, akapanda mashina ishirini na mawili ya migomba yakishuka mlima hadi mtoni, kila shina na herufi yake na mfalme wake. Bibi ndiye aliyeuza ndizi. Sokoni Morogoro wateja walizoea kuagiza mkungu wa Justiniani. Wa Irene ulidoda, akina mama wenye watoto wa kiume hawakuutaka, mpaka Bibi akaanza kuuza na huo kwa jina la Justiniani. Marehemu alimsamehe, akisema ikulu kulifanyika makubwa kuliko hayo.

Mwaka 2014 baraza la kigango, kanisa letu dogo la hapa kijijini, Agustino yule yule wa seminari akiwa mwenyekiti, lilimzuia kufundisha Biblia kwenye jumuiya. Kosa lake lilikuwa Ezekieli sura ya tisa, ambapo alama, yaani Tau, inatiwa kwenye vipaji vya nyuso vya wanaougua na kulia, wala si vya wenye mataji. Marehemu alisema basi kila dola huishia kwenye herufi isiyo yake. Herufi hiyo ni yetu sisi wabeba ndizi. Jumuiya ilicheka na kupiga makofi. Baraza halikucheka.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Januari mwaka huu Agustino alimfuata kitandani, hospitalini mjini, pamoja na wazee wawili. Akikiri mbele yao kwamba habari za herufi na wafalme ni upuuzi, atazikwa makaburi ya misheni, kando ya mama yake, kengele ikilia. Asipokiri, atajijua. Tuseme haki: Agustino alikuwa akilia. Alitaka rafiki yake alale pazuri. Marehemu alimjibu kwa maneno machache, wazee wakatoka. Kamati ililifuta jibu hilo. Bibi, aliyekuwepo na bakuli la uji mkononi, amelirudisha.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025. Leo anazikwa kwenye shina la Tau, hapa mtoni, bila kengele. Ni mbali na mama yake, na hilo linauma. Anayeona tumekosea aseme sasa, udongo ungali juu. Kaburi limechimbwa na wajukuu na vijana wa msikitini. Agustino naye alikuja alfajiri na jembe lake, na hakuna aliyemwuliza ametumwa na nani.

Ameacha mjane, watoto watatu, Sabra, Allen na Mansuri, wajukuu saba, mmoja wao akiwa ameacha chuo pale Mazimbu kwa baraka zote za babu, na wafalme ishirini na wawili, watatu wameshaiva.

Alale kwa amani, na waliomtafutia toba nao wapumzike sasa.

Na jibu lile la hospitalini ni hili. Agustino alikuwa amemwuliza hivi: "Athanas, ndugu yangu, kweli unakufa kwa ajili ya wafalme wa watu?"

"Hapana, Agustino. Nakufa kwa figo."