Safu ya Tatu Ambayo Sikuikalia

Bibi mwenyekiti, ndugu zangu wa kikundi hiki cha wagonjwa wa kisukari na sisi tunaowauguza, mama mkwe wangu alikatwa mguu, na anayewajibika ni mimi. Natangulia kulisema kwa sababu nilifanya kazi ya serikali hapa Machakos miaka thelathini na moja, na katika kazi ile niliwachukia sana watu walioandika ripoti ndefu ili jina la mhusika lipotee katikati. Jina langu lisipotee.

Kazi yangu ilikuwa kukagua magari ya idara. Gari likiletwa, nilikuwa na fomu yangu: injini, magurudumu, taa, breki, viti. Kila kitu kiliandikwa kipo au hakipo, kisha hali yake, kisha sahihi. Sijawahi kutia sahihi kwa gari nisilolizunguka kwa miguu yangu. Nilistaafu na nakala za fomu hizo, nikazitunza. Mke wangu alinicheka kwa jambo hilo, nami sikujali.

Mama mkwe anaishi Kithimani, kwenye shamba lake. Mwaka juzi alipata kidonda kwenye unyayo, na daktari akaagiza afike kliniki ya mjini Machakos mara mbili kwa juma, kisafishwe na kufungwa upya. Nilikuwa na gari dogo la zamani. Sasa, ndugu zangu, wengi wenu ni Wakamba na mnajua nthoni ni nini. Kwa wageni walio nasi, niseme tu kwamba ni heshima kati ya mkwe na wakwe zake, nayo huanzia kwenye mwili: hamshikani mikono, hamketi bega kwa bega, hamtazamani usoni kwa muda mrefu. Wengi wameiacha. Mimi na mama hatukuiacha. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumgusa mama huyu hata kwa bahati mbaya, na nilijivunia hilo mbele ya watu.

Katika gari lile dogo, akiketi nyuma yangu, nilisikia pumzi yake shingoni. Yeye naye alijikunja mlangoni kama mtu aliyepanda bila ruhusa. Ndipo nikaamua kununua gari la familia la safu tatu, si kubwa mno, la watu saba. Mimi mbele, mke wangu na wajukuu katikati, mama nyuma kabisa kwa nafasi yake. Nawaambia ukweli, niliiona ile safu ya tatu kama heshima iliyotengenezwa kiwandani.

Nilikwenda yadi moja kule Athi River na fomu yangu mkononi. Kijana muuzaji alinisalimu vizuri, akaanza kusifu. Nikamwambia anyamaze, mimi ndiye ninayekagua. Niliingia chini ya gari nikiwa na suti. Nililinganisha namba ya chesisi na kitabu cha gari, tarakimu kwa tarakimu. Nilichovya kijiti cha oili, nikanusa. Nilipima kina cha magurudumu yote matano. Tulilipandisha hadi Lukenya na kulishusha, fundi wangu akiwa kando yangu, naye akasema injini haina neno, gari hilo naweza hata kuwaachia wajukuu.

Tuliporudi yadini nilifungua mlango wa nyuma. Viti vya mwisho vilikuwa vimelazwa. Kijana akavuta kamba, vikasimama.

"Saba hizo, mzee," akasema. "Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni na mkoba wake, na hapo ndipo alipoongea kwa mara ya kwanza siku ile. Aliniomba niingie nikae pale nyuma kidogo, nione kukoje. Nilimjibu kwamba gari halikaguliwi kwa kukaa kama abiria. Fundi akacheka, nami nikacheka. Nikaandika: viti vya safu ya tatu, viwili, vipo, hali nzuri. Nikatia sahihi.

Yule kijana hakusema uongo. Nimelichunguza neno lake mara nyingi nikitafuta pa kumshitaki, kwa maana hasira ninayo. Viti vilikuwa saba.

Safari ya kwanza tulimfuata mama Kithimani. Ili mtu afike safu ya tatu, kiti cha katikati hukunjwa mbele, unabaki upenyo wa kupita kwa ubavu. Sakafu iko juu, na hakuna pa kukanyaga. Mama ni mtu mzima, ana kidonda unyayoni. Na mimi, ndugu zangu, katika kipindi hicho chote nilikuwa nimegeuka nikitazama ua wa mkonge, kwa sababu mkwe hamtazami mama mkwe akipanda kwa magoti. Nilimsikia mke wangu akisema, "Polepole, mama." Nilingoja mlango ufungwe ndipo nikageuka.

Njiani nilimwuliza mke wangu kama mama yuko sawa. Akamwuliza. Jibu likaja kupitia kwake: yuko sawa. Hivyo ndivyo tulivyozungumza siku zote, kwa kupitishiwa maneno. Sikujua kwamba magoti yake yalikuwa yamefika kifuani. Sikujua kwamba mguu mgonjwa haukuwa na pa kunyooka, ukabanwa kwenye chuma ambacho kiti cha mbele huteleza juu yake. Hewa baridi ambayo mimi niliandika kwamba inafanya kazi haikufika kule nyuma. Muuguzi alipofungua bendeji akaona damu, mama alisema amejigonga jikoni.

Alisafiri hivyo mara tano. Baadaye akaanza kuwa na shughuli. Mara kuna maombi ya akina mama kanisani, mara mbaazi zinavunwa, mara kuna wageni. Mimi, mtu wa kuweka kumbukumbu, niliandika kwenye daftari la gari: hakusafiri, shughuli za nyumbani. Niliandika hivyo mara sita kwa mwandiko mzuri. Daftari hilo ninalo hapa, katibu anaweza kulitazama.

Siku tulipoitwa hospitalini, kidonda kilikuwa kimekwisha kupanda. Walikata chini ya goti.

Mke wangu hakunigombeza. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, aliniambia jambo moja tu. "Baba, ulipima kila kitu isipokuwa mama yangu."

Nilifunika gari kwa turubai. Nikajiuzulu uzee wa kanisa bila kueleza sababu. Nilikaa nyumbani miezi mitatu nikizisoma fomu zangu za zamani na kujiuliza ni watu wangapi waliokaa vibaya kwa sahihi yangu.

Kabla ya hapo, mama akiwa bado wodini, aliniita. Nilisimama mlangoni kama ilivyo desturi. Akaniambia nisogee. Nikasogea hatua mbili. Akaniambia nikae kitandani, na mimi nikakaa ukingoni, nikitazama sakafu. Alisema kwa Kikamba, nami nawatafsiria kadiri niwezavyo.

"Baba wa wajukuu wangu, gari lako ni zuri. Lilinishinda siku ya kwanza. Nilikuona umegeuka kwa ajili ya heshima yangu, nikaona si vizuri nikuite."

Nilimwuliza mbona hakumwambia binti yake.

"Angekwambia, nawe ungeliuza. Watu wangesema mkwe ameuza gari kwa sababu ya magoti ya mama mkwe. Nikaona afadhali ninyamaze." Akaninyooshea mkono. "Sasa nishike mkono, nataka kukaa."

Nikamshika. Ulikuwa mkono mwepesi sana.

Hapo ndipo nilipogeuka, ikiwa mnataka kujua. Sikupona siku hiyo. Niliona tu kwamba heshima tuliyoilinda sisi wawili ilikuwa imekula mguu wake, na kwamba ni yeye, mgonjwa, aliyelazimika kuivuka kwanza. Siku hizi anaketi mbele, kiti kilicho kando yangu, na tunazungumza wenyewe. Siwafichi: mguu wa pili umeanza kubadilika rangi kidoleni. Daktari hakuniahidi kitu, nami siwaahidi kitu.

Nawashukuru. Muuguzi wa kliniki alipiga simu mara mbili kuuliza mama yuko wapi, na mara zote nikamjibu ana shughuli. Bibi mwenyekiti alikuja kwangu, akalitoa turubai lile kwa mikono yake na kuniambia wagonjwa hawapandi turubai. Mke wangu ameendelea kuniita baba.

Funzo langu ni fupi. Kiti hakikaguliwi kwa macho ya anayesimama nje. Akikalie yule atakayekikalia, na mguu wake ule ule, na mtu amwulize ana kwa ana hata kama mila inamzuia kumwuliza.

Nimesikia kwamba kamati inataka kununua gari la safu tatu la kuwapeleka wanachama kliniki, na kwamba nimependekezwa kulikagua kwa sababu najua magari. Bibi mwenyekiti, nakubali, lakini nadai yafuatayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za leo. Gari lolote lisinunuliwe kabla wagonjwa wetu hawajapanda na kushuka kila kiti, sisi tukiwatazama. Majina yao yaandikwe kwenye fomu juu ya sahihi yangu. Na katika mkutano ujao niitwe mbele yenu, mama mkwe akiwa ameketi pale alipoketi sasa, karibu na mlango, nijibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza yadini: nani alikaa nyuma kabla hujatia sahihi? Nikikosa jina la kutaja, fomu ichanwe, nami niondolewe.