Kabati la Wageni: Kumuaga Bi. Mektrida Njau wa Ofisi ya Udahili

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Mektrida Njau, Afisa Udahili wa Chuo cha Afya Kilele, Njoro, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Kamati ya hafla imenipa kurasa mbili za kijitabu hiki na kunisihi nichangamshe watu, kwa kuwa mgeni rasmi hapendi hotuba za huzuni. Nitajitahidi katika nusu ya kwanza. Nusu ya pili mtanivumilia.

Mama Njau, kama tunavyomwita wote kuanzia mkuu wa chuo hadi walinzi, alizaliwa Kilema mwaka 1965. Baada ya masomo ya uhazili aliajiriwa hapa tarehe 1 Machi 1994 kama mpiga chapa, wakati chuo kikiwa na majengo mawili na bomba moja la maji ambalo lilikauka kila Februari. Mwaka 1999 aliyekuwa mezani pa udahili alihamia Arusha, Mama akaombwa ashike nafasi hiyo kwa miezi mitatu mpaka apatikane mtu. Huyo mtu hakutafutwa tena. Kwa hesabu yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyethubutu kuipinga, amewaandikisha wanafunzi elfu sita na mia mbili.

Masharti ya kujiunga aliyasema kama watu wengine wanavyosali rozari. Mwombaji wa ndani: cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia, cheti cha kuzaliwa, picha nne ndogo. Mwombaji wa nje: masomo hayo hayo, na juu yake hati ya ulinganifu wa matokeo, pasipoti, kibali cha ukaazi na ada ya wageni. Mzazi aliyepiga simu kuuliza kama hakuna njia nyingine aliambiwa kwa upole kwamba njia nyingine ipo, nayo ni kurudia mtihani. Simu ikakatwa, naye akaendelea kunywa chai yake.

Wazee wa Kahe watamkumbuka kwa habari ya mchele. Baba mmoja alifika na gunia zima juu ya pikipiki, akalitua mlangoni kwetu na kusema kijana wake amekosa Fizikia tu. Mama alimkaribisha kiti, akamwagizia chai na maandazi, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamsaidia kwa mikono yake kulirudisha gunia juu ya pikipiki. Kijana alirudia mtihani akafaulu. Baba akaja tena na gunia lile lile, au ndugu yake, na safari hii Mama akalipokea, likapikwa siku hiyo hiyo, tukala wafanyakazi wote pamoja na mafundi waliokuwa wakipaka rangi bweni.

Na yuko Blessing, binti kutoka Malawi, aliyeshuka kwenye basi mwezi Julai akiwa na blauzi nyepesi na karatasi pungufu. Mama alimvua mwanawe sweta akampa mgeni. Kwa siku tatu mfululizo alikaa naye kwenye benchi la uhamiaji mpaka kibali kikatoka. Blessing sasa ni muuguzi mkuu wa wodi huko kwao, na kila Krismasi anamtumia Mama picha za watoto wake.

Sasa niseme juu ya utaratibu wake wa kazi, maana huko ndiko ninakokwenda. Mama Njau hakuamini nakala. Mwombaji aliacha cheti chake halisi ofisini kwa wiki moja, naye alikitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaupapasa mhuri kwa kidole, akakilinganisha na orodha ya shule. Kwa njia hiyo alikamata vyeti kumi na saba vya kughushi. Baada ya hapo kila faili liliingia katika moja ya makabati mawili: la kijani kwa wanafunzi wa ndani, la kijivu kwa wageni. Ili kazi iende haraka, tulitazama kitu kimoja tu: cheti kimetoka nchi gani. Cha Tanzania, kijani. Cha kwingine, kijivu. Barua ya kila kabati ilikuwa imechapwa tayari, ikibaki kujazwa jina. Tulijivunia sana utaratibu huo. Vyuo jirani vilikuja kuuiga.

Mwezi Agosti 2016 lilifika ombi la binti wa miaka kumi na tisa, Odilia Tesha wa Kilema. Alizaliwa Kilema, akabatizwa Kilema, na baba yake Antoni alikuwa na kihamba chake, shamba la urithi wa ukoo lenye migomba na kahawa, huko huko. Lakini mama yake alikuwa mtu wa Taveta, ng'ambo ya mpaka, na alipofariki, Odilia alikwenda kuishi kwa bibi yake na kusoma sekondari kule. Akarudi nyumbani na cheti cha Kenya chenye alama nzuri kuliko nyingi tulizopokea mwaka ule. Alitaka kuwa muuguzi.

Faili lake liliwekwa kwenye kabati la kijivu. Alipaswa kudaiwa kitu kimoja tu zaidi ya wenzake wa ndani, ile hati ya ulinganifu, jambo la wiki mbili. Badala yake alitumiwa barua yenye mhuri na sahihi ya Mama Njau iliyoanza na maneno "Kwa mwombaji wa kigeni", ikimtaka alete pasipoti, kibali cha ukaazi na ada ya wageni kwa dola.

Mtu wa mjini angekuja juu asubuhi yake. Antoni Tesha hakuja. Alikuwa mtu wa kuheshimu karatasi. Alimwambia binti yake kwamba chuo kikiandika hivyo na kugonga mhuri, basi wamechunguza wakaona, na kwamba wasiende kujiaibisha. Hata cheti halisi hawakukifuata, wakidhani kimezuiwa kwa sababu ni cha nchi nyingine. Bila cheti, Odilia hakuweza kuomba chuo kingine chochote. Alibaki Kilema akikata majani ya ng'ombe wa watu, akapata watoto wawili, na sisi huku tukaandika kwenye jalada lake neno "Hakuripoti".

Mama Njau hakujua lolote. Kilema alikuwa akipanda Krismasi na kwenye misiba, na akina Tesha huko ni wengi. Januari mwaka huu Antoni alifariki. Mama alikwenda kuzika kama jirani, akabaki na wanawake wenzake kupika mtori, na siku ya tatu ukoo ulipokaa kikao cha mali yeye alikuwa nyuma akigawa vikombe. Haya alinisimulia mwenyewe Jumatatu yake, akiwa bado amevaa khanga ya msiba.

Ildefonce, mdogo wa marehemu, alisimama akasema kihamba cha baba yao hakiwezi kwenda kwa mtu wa nje. Ndugu waliguna. Akatoa mfukoni karatasi aliyoikuta kwenye vitu vya marehemu, iliyokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, na kusema, "Si mimi ninayesema. Wasomi wa Njoro wameandika. Mgeni ni mgeni." Barua ikapita mkono kwa mkono, wazee wakiutazama mhuri wake, hadi ikafika nyuma walipokuwa akina mama. Odilia alikuwa amekaa chini karibu na mlango, na hakuinua uso.

Mama Njau aliisoma barua, akaona sahihi yake. Akaweka vikombe chini, akaenda kusimama katikati ya wanaume. "Wazee wangu, shikamooni," alisema. "Barua hii nimeiandika mimi. Huyu mtoto ni wa hapa, sote tunajua. Aliyekosea ni mimi, wala si mtu mwingine."

Kisha mzee mmoja wa ukoo akauliza, bila ukali, "Sasa mama, miaka minane yote hii ulikuwa wapi?"

Mama aliviokota vikombe vyake, akamaliza kugawa.

Jumatatu ile hakuvua hata mkoba. Alifungua kabati la kijivu, akatafuta mwaka 2016, akalitoa faili. Cheti kilikuwemo, kisafi, hakina hata kona iliyokunjika. Nyuma yake, kimebanwa kwa pini, kilikuwepo cheti cha kuzaliwa cha Kilema ambacho hakuna aliyekifunua. Na juu ya jalada palikuwa na maandishi ya kalamu ya bluu: "Mgeni. Kabati 2."

Maandishi yale ni yangu. Mimi, Isack Urio, niliajiriwa Julai 2016, na kupanga mafaili ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Mama aliutambua mwandiko kabla sijatamka neno. Nilimwambia nitapanda Kilema niwaeleze. Akasema, "Sahihi ni ya nani, Isack? Wewe kaa ufanye kazi." Tangu siku hiyo hajalitaja tena kosa langu, si kwa mkuu wa chuo, si kwa akina Tesha, na nadhani hangelitaja leo. Ninalitaja mimi kwa sababu kurasa hizi ni zangu na nimechoka kupongezwa kwa uangalifu wangu.

Miezi mitano iliyobaki ya utumishi wake aliitumia kwa jambo moja: Odilia aingie darasa la Septemba kabla yeye hajaondoka. Alikwenda mwenyewe kufuatilia hati ya ulinganifu. Aliandikia baraza la chuo mara tatu, maana masharti yamebadilika na siku hizi maombi yanapita kwenye kompyuta, na kompyuta haina mahali pa kuandika kwamba tulikosea. Kwenye kikao cha baraza, mwanamke ambaye miaka yote aliwaambia wazazi hakuna njia nyingine, alisimama akaomba njia nyingine. Wapo waliotabasamu. Nafasi ilitolewa. Mama alifungua faili jipya kwa mkono wake, akaliweka kwenye kabati la kijani, na wiki ile aliimba ofisini, jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Odilia alikuja wiki ya pili ya Juni. Alisema shikamoo, akaitikiwa, akakaa. Mama akampangia karatasi mezani moja moja, akieleza bweni, sare, na jinsi watoto wanavyoweza kukaa kwa mama mmoja hapa Njoro. Odilia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, sikuja kwa nafasi. Nimekuja kuchukua cheti changu. Na kama inawezekana, barua nyingine ya kusema mimi ni wa Kilema, niwapelekee baba zangu wadogo." Mama alimuuliza kama anataka muda wa kufikiri. Odilia alisema alifikiri miaka ile, akamaliza.

Barua hiyo ndiyo ya mwisho kutoka kwenye meza ya Mama Njau. Aliichapa mwenyewe, akaigonga mhuri mara mbili. Ukoo umeipokea, Ildefonce ameweka sahihi, na nyumba na migomba ya Antoni vimebaki kwa binti yake. Cheti kimerudi kwa mwenyewe, ambaye hana tena la kukifanyia. Kiti kile cha Septemba kimepewa mwombaji aliyefuata kwenye orodha, kijana mzuri, asiyejua chochote.

Utaratibu wa makabati umefutwa. Vyeti halisi sasa vinarudishwa siku hiyo hiyo. Wasifu wa kawaida ungeyaita hayo mafanikio, nami nayaandika hapa kwa kuwa ni amri yake na alisimama juu yangu mpaka yakatekelezwa. Mimi ndiye ninayeachiwa meza. Masharti ninayajua yote. Sijui bado kama ninaweza kukaa pale alipokaa.

Kwa niaba ya wafanyakazi, na ya wale elfu sita na mia mbili ambao wengi wao wanawahudumia wagonjwa saa hii, tunakushukuru, Mama. Umetufundisha kuwahi, kuandika majina ya watu vizuri, na kutomdharau anayesimama dirishani na karatasi pungufu. Umenibebea mzigo ambao haukuwa wako, nami nakushukuru kwa hilo mbele ya watu wote. Bi. Odilia amealikwa kwenye hafla hii. Jibu halijafika.

Unarudi Kilema, kwenye nyumba yako mpya ya matofali, na njia yako ya kwenda kanisani inapita mbele ya geti la Odilia. Najua kwamba Jumapili zote za mwezi huu umesimama pale. Anatoka, anakuamkia shikamoo kwa heshima zote, unaitikia marahaba, halafu anarudi ndani. Tunakutakia afya, mvua za kutosha kwenye migomba yako, na pumziko ulilolihangaikia. Na zaidi ya hayo yote tunakutakia Jumapili moja ambayo, baada ya shikamoo, atakuambia karibu.