Bomba Moja Jipya

Benchi lenyewe ni ubao wa ubavu wa lori, umelazwa juu ya madebe mawili ya rangi yaliyojazwa zege, kwenye ile kona ya mtaa wa Satellite ambapo lami inakoma na vumbi linaanza. Mbarak Abdulrauf, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, huuza kahawa hapo kila asubuhi, na mpaka birika lake la shaba, yaani dele, likauke hakuna anayekumbuka kwamba ana kazi. Ijumaa hiyo ya Machi 2004, katikati ya benchi, mahali ambapo mtu angekaa, palikuwa na bomba la breki. Lilikuwa jembamba kama penseli, refu kuliko mtu, na kutu ililivaa kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine. Lilikuwa limetolewa muda mfupi uliopita chini ya Peugeot 404 ya Joseph Kiragu, pikapu yenye namba KPL 614, iliyosimama ng'ambo ya barabara na jiwe mbele ya kila gurudumu. Nyuma ilikuwa imekwisha kupakiwa kitanda, godoro na kabati. Kesho yake Kiragu alikuwa amrudishe mama yake nyumbani kwake Mai Mahiu, na kufika Mai Mahiu ni lazima uteremke ule mteremko mrefu, upande mmoja mlima na upande mwingine hewa.

Aliyelitoa bomba ni Stephen Mbugua, fundi, ambaye benchi zima humwita Spana. Sijui kwa nini, maana spana zake zote ni za kuazima. Aliyekaa naye ni Peter Kuria, muuzaji wa chakula cha kuku, ambaye huitwa Dokta, na huitika. Mimi huitwa Karani, kwa sababu nilikuwa karani.

— Nilikuwa natoka Kangemi, — Kiragu alisema, kwa mara ya tatu asubuhi hiyo. — Kufika kwa ile mteremko ya mto, nakanyaga breki, mguu inaenda mpaka chini kama nimekanyaga matope. Nakanyaga tena. Matope.

— Ukafanyaje? — Mbarak aliuliza, ingawa alijua.

— Nikaingia kwa mchanga. Kulikuwa na mtu anajenga. Mungu ambariki huyo mtu.

— Alikuwa anakutusi, — Mbugua alisema. — Si nilikuwa nimekaa hapo kando yako? Nilisikia yote, mpaka ya nyanya yako.

— Bado Mungu ambariki.

Kuria alilinyanyua bomba, akalibonyeza kwa kidole gumba. Likavunjika kama biskuti, na chembe nyekundu zikaanguka kwenye sinia ya vikombe.

— Bwana Kuria, — Mbarak alisema, akiivuta sinia yake, — kutu yako kaa nayo huko. Kahawa hii haijapata kuwa na kutu tangu nianze kuipika.

— Pole, Mbarak. Lakini mimi nimeshajua. Hii ni chumvi. Kiragu, nani alikuuzia hii gari?

— Mchinjaji mmoja wa Dagoretti. Mwaka wa themanini na nane.

— Si ndio hiyo! Alikuwa anabeba ngozi. Ngozi inapakwa chumvi. Chumvi inadondoka, paipu iko hapo chini, inakunywa tu.

Hilo lilikuwa na akili, na mjadala ungeweza kuisha hapo. Lakini dele lilikuwa bado zito.

— Inakunywa chumvi miaka kumi na sita na haijapasuka? — Mbugua alicheka. — Dokta, wewe jua kuku. Kuku ikinywa chumvi unaizika jioni.

— Muulize Mbarak. Mbarak, chumvi haili gari huko kwenu?

— Yala, yala. Ami yangu alikuwa na gari, akilitunza kama harusi. Sakafu ikatoka yote. Akawa akiendesha huku aona barabara yapita chini ya miguu.

— Na breki?

— Breki za nini tena, naye miguu iko pale pale?

Mbugua alipaliwa na kahawa. Kuria alingoja akohoe mpaka amalize, kisha akaushusha ushahidi wake wa pili.

— Sawa. Basi si chumvi peke yake. Ni ile mlingoti. — Akaonyesha mlingoti wa simu upande wa Kawangware. — Tangu waisimamishe, bati yangu imeanza madoa. Mbona? Simu inapita kwa hewa, lakini hewa haishiki kitu, lazima itafute chuma. Kila mtu akisema halo, chuma inaliwa kidogo. Kiragu, simu yako unaweka mfuko gani?

— Huu wa kushoto, — Kiragu alisema, akaufunika kwa mkono.

— Spana, hiyo paipu ilikuwa imepita upande gani ya gari?

— Kushoto, — Mbugua alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Mbarak akajaza vikombe vyote bila kuombwa.

— Mimi sitaki kujua imekufa na nini! — Kiragu alisema. — Daktari akishasema mgonjwa amekufa, si basi? Nataka kujua kesho nashuka aje. Mathee ameshafunga kila kitu. Amelala kwa godoro chini jana, ati kitanda kisafiri mapema. Nimemwekea mpaka mkanda wa kiti, mpya, nyekundu, juu ya hii sheria ya mikanda.

Ni kweli. Mkanda huo tuliuona kutoka benchini, uking'aa dirishani. Hakikuwapo kitu kingine kipya kwenye gari hilo.

— Sikia, — Mbugua alisema. — Niko na friji imekufa. Nyuma yake kuna paipu ya shaba, safi kabisa. Nakata, nafunga na klipu, unaenda.

— Paipu ya friji ni ya baridi, — Kuria alisema. — Breki inataka nguvu.

— Breki ikiwa baridi kuna ubaya gani? Si huwa zinachemka kwa mteremko?

— Wacha mchezo, — Kuria alisema. — Hiyo paipu ya nyuma mnaikunja mwisho, mnaigonga na nyundo, mafuta hayatoki. Gari inabaki na breki ya mbele. Hata baiskeli iko na ya mbele.

— Na ikivuja hapo pamegongwa? — Kiragu aliuliza.

— Weka yai.

— Wapi?

— Kwa mafuta ya breki. Radieta ikitoboka unaweka yai, si unajua? Yai inaenda inatafuta shimo, inaganda hapo. Lakini iwe ya kienyeji. Ya gredi haina nguvu ya kutembea.

— La kuchemsha? — Mbarak aliuliza kwa adabu.

— Mbichi, Mbarak! Ya kuchemsha itapita aje kwa paipu?

Mbugua alikuwa amekwisha kuinuka, amesimama barabarani na mikono imetanda.

— Manze, mnajisumbua. Mimi nakaa huko nyuma, juu ya kitanda, na lile jiwe. Kiragu akiona mambo ni mbaya, apige kelele. Naruka, naweka jiwe mbele ya gurudumu. Kwisha.

— Na ukikosa? — Kuria aliuliza.

— Naokota, nakimbia naweka tena.

— Spana, gari inaenda sitini!

— Sasa mimi nitangoja ifike sitini? Nitaanza kukimbia mapema.

Kiragu hakucheka. Alikuwa anautazama mkanda ule mwekundu. Kisha akanigeukia mimi.

— Karani, na wewe umenyamaza tu.

Nilisema kwamba maduka ya vipuri yapo Barabara ya Kirinyaga, ambayo bado wanaiita Grogan ingawa jina hilo lilifutwa zamani. Nilisema basi la kwenda mjini linapita hapo hapo mbele yetu. Akanunue bomba jipya, Mbugua alifunge, na kesho aende na mama yake salama. Nilisema hivyo, na nilikuwa na hakika.

— Hata mimi ndio nilikuwa nataka kusema, — Mbugua alisema, akiketi. — Paipu moja mpya. Nafunga, natoa hewa, saa moja imeisha.

— Nilisema hivyo tangu mwanzo, — alisema Kuria.

— Paipu moja mpya, — Kiragu alirudia, na mabega yake yakashuka. Akameza kahawa yake kwa funda moja, akasimama kungojea basi.

Hapo ndipo mama yake alipofika. Bi. Virginia Wangeci nilimjua kwa jina na kwa mbali. Sikuwahi kumwona kwenye kona hii. Alikuja taratibu, na kiondo mkononi, kutazama kama godoro lake limefungwa kamba. Tulisimama sote.

— Shosho, karibu, habari ya asubuhi? — Mbugua alisema, akifuta ubao kwa mkono wa shati.

— Mzuri. Sikai. — Alikuwa anaangalia kile kilicholala kwenye benchi. — Hii ndio ilitoka kwa gari?

— Ndio, Mama, lakini usijali, — Kiragu alisema haraka. — Tumeshaongea, nimeshajua la kufanya. Naenda tao saa hii naleta mpya. Kesho asubuhi tunatoka.

Bi. Virginia aliokota kipande kimoja. Kikavunjika. Akaokota kingine, nacho kikavunjika, naye akajipangusa vidole kwenye leso.

— Ziko ngapi kwa gari?

— Tatu, Shosho, — Mbugua alisema. — Hii ndefu ya nyuma, na mbili fupi za mbele.

— Na hii imekufa na nini?

Kuria aliutazama mlingoti.

— Uzee tu, Mama, — Kiragu alisema. — Ilikuja na gari. Inakaribia miaka thelathini.

— Na hizo mbili za mbele, hizo ziko na miaka ngapi?

Kiragu alimtazama Mbugua. Mbugua akamtazama Kuria. Kuria aligundua uzi uliolegea kwenye kofia yake. Kisha wote watatu wakanitazama mimi, mshauri wa bomba moja jipya, nami nikatazama ndani ya kikombe changu. Mbarak akainua dele ili atujazie. Lilitoa matone matatu, halafu machicha.

— Imekwisha, — alisema.

Mbugua alichukua bisibisi ya mtu fulani, akavuka barabara, akajilaza chini ya pua ya KPL 614. Tuliona viatu vyake tu. Tukasikia chuma kikikwaruza chuma, kidogo, kama mtu anayeparuza sufuria. Kikakwaruza tena.

— Kiragu, — sauti ilitoka chini ya gari, pole pole. — Leta karai. Mafuta inatoka.

Kiragu alikwenda kulitafuta. Mama yake alikaa mahali pale bomba lilipokuwa limelala, akaweka kiondo magotini.

— Bado moja, — alisema. — Lakini hiyo mtaangalia baadaye. Kwanza niteremshieni kitanda.

Tukaenda kukiteremsha, Mbarak naye akaacha sinia yake. Simu ya Kiragu ilibaki benchini, kando ya mama yake. Kuria alikuwa amekataa katakata isogezwe karibu na gari.