Mlingoti na Viti vya Jumamosi

Ndugu, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza, naomba tuketi, maana marehemu katika miaka yake ya mwisho alipenda sana watu waliokaa.

Kaka yetu, ambaye wengi mmemjua kwa jina la Mlingoti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa fundi bomba na mama mshonaji, mama ambaye kila muhula alilazimika kuunga kitambaa kipya kwenye pindo za suruali ya mwanawe kwa jinsi alivyorefuka. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari hadi 1976, na huko ndiko mwalimu wa michezo alikomkuta akibadilisha taa ya ukumbini bila kupanda kiti, akamkabidhi mpira wa kikapu papo hapo, naye akaukumbatia na kukimbia nao kama kifurushi, watu wakacheka hadi machozi.

Alijiunga na ligi ya kulipwa mwaka 1979, akatwaa ubingwa mara tatu, na tarehe 6 Desemba 1986 akafunga ndoa na mkata tiketi wa ukumbi, mtu pekee aliyewahi kumzuia mlangoni akimdai tiketi, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja. Magoti yalimstaafisha mwaka 1991, akaajiriwa kutunza ghala la duka la vifaa vya ujenzi, ambako watu waliendelea kuja kununua msumari mmoja ili tu wamsalimie, na mwenye duka hakulalamika hata siku moja.

Kisukari kilimpata mwaka 2011, na tarehe 9 Agosti 2021 mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti. Hapo nusura tumpoteze angali hai, maana aliamini watu walipenda kuruka kwake tu, akajifungia chumbani na kumwagiza mkewe awaambie wageni wote kwamba amelala, hata saa tano asubuhi, mpaka shemeji yetu akachoka kusema uongo.

Aliyemtoa ni nahodha wa timu pinzani, mzee yule pale, aliyemkaba uwanjani miaka yote. Jumamosi moja alivamia ua na wenzake, wakiwa na viti vya plastiki, wakaweka sheria kwamba anayeinua makalio ananyang'anywa mpira, ila kwa mazoea yao wakafunga kikapu ukutani kwa kimo kilekile cha ligi, wakasahau kwamba watacheza wamekaa, ikawa hakuna anayekifikia, na Mlingoti, aliyekuwa akichungulia dirishani, akashindwa kuvumilia aibu ile. Alitoka na kiti chake cha magurudumu akiwazomea, akafunga, na tangu siku hiyo wakacheza kila Jumamosi, naye hakukubali kikapu kishushwe.

Tarehe 3 Februari 2024, Jumamosi, alikunywa chai, akaomba ajinyooshe kidogo kabla wenzake hawajafika, na moyo wake ukasimama kimyakimya. Walipobisha hodi, shemeji aliwaambia amelala, wakacheka, wakaanza kupanga viti wakidhani ni yale ya zamani, hadi walipomtazama shemeji usoni.

Tunalia, lakini pia tumeshusha pumzi, kwa sababu hakuondoka akiwa amejificha. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa ghalani, majirani mliorudisha mipira iliyoangukia kwenu bila kununa, na wachezaji wenye viti mlivyokalia, na kama chako kinayumba, basi ujue kilichezewa mpira.

Pumzika kwa amani, Mlingoti, leo hakuna anayekukaba.