Ta Rutashobya Anakunja Bomba

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kunyonya vyoo vya Bukoba, Ta Rutashobya Mwijage anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Alikuja mjini kutoka Ijumbi, Muleba, na shati moja na leseni ya udereva, idara yetu ya majitaka ikampa gari la kunyonya vyoo ambalo hakuna aliyelitaka. Yeye alilipenda siku hiyohiyo. Alisema ni gari pekee ambalo trafiki hupungia mkono lipite upesi.

Mji ulikuwa mdogo. Vyoo vya wakubwa wote alivijua, na siri zao anazo mpaka leo, kwa hiyo mumsalimie vizuri. Kisha nyumba zikaota kila kona, watu wakaweka vigae juu ya mifuniko ya makaro na kusahau yalipo. Ta Rutashobya akabuni utaalamu wake: anaangalia migomba. Penye mkungu mkubwa kuliko yote, jirani hapo kuna karo linalovuja. Wahandisi wenye ramani walimcheka, wakapotea, wakarudi kumuuliza.

Alikosea mara moja tu, kule Kashozi. Alizamisha bomba kwenye shimo lililofunikwa majani, kumbe Ma Georgina ameivishia humo ndizi za lubisi, pombe ya harusi ya binti yake. Pampu ikakoroma, ikanyamaza. Ma Georgina akashika kiuno: "Ta Rutashobya we, hata kadi hujaletewa, umeshaanza kunywa!" Ndizi zilizoingia kwenye tangi hakuna aliyezidai.

Lakini asiyejua habari za masika ya 2019 bado hamjui mtu huyu. Mvua ilikata barabara ya kwenda kwenye mabwawa ya kutibu majitaka. Gari limejaa, vyoo vya mji vinafurika, simu hazinyamazi. Mkubwa mmoja wa wakati ule, ambaye jina lake tumelisamehe, akamwamuru "apunguze mzigo" kwenye mtaro unaoshuka ziwani. Ta Rutashobya akajibu kwamba yeye ni darasa la saba tu, ila mtaani kupunguza mzigo namna hiyo kunaitwa kutapisha choo, na maji ya ziwa hilo ndiyo tunayokunywa. Akaambiwa achague: mtaro au kazi.

Alikuwa na watoto wanne shuleni Kamachumu. Sisi wenzake, tusijifiche, tulimbembeleza: "Ta, mwaga tu, nani ataona?" Akapanda gari, akaliegesha chini ya dirisha la mkubwa, akaenda kwake na funguo.

Siku ya kwanza ofisi ilifunga madirisha. Siku ya pili jua likatoka. Siku ya tatu greda likapatikana, na barabara ikapitika kabla ya chai ya saa nne. Kazi hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo kali kwa kosa la kuegesha gari mahali pasipostahili.

Wiki iliyopita, Joanitha wa masijala alipokuwa anafunga jalada lake, alimuuliza kwa heshima kama aiondoe barua ile isimharibie sifa. Mzee akakataa katakata. Ameomba nakala yenye muhuri aitundike sebuleni Ijumbi. Mkewe, Ma Alistidia, amekubali, kwa sharti fremu iwe nzuri.

Ta Rutashobya, nenda ukapumzike salama, afya iwe yako na usingizi uwe mtamu. Idara inakushukuru kwa yote uliyoyabeba. Sisi wenzako tunakushukuru zaidi kwa siku ile uliyokataa kutusikiliza.