Vigingi Vilivyochipua: Maisha ya Baba Yetu, Sadoki Nzunda wa Ihanda

Mchungaji, wazee wetu na nyote mliokuja kulia nasi, mimi ni Tuntufye, binti wa mwisho wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia kwa kuwa kaka yangu Ezron amejaribu mara mbili asubuhi hii, na mara zote ameanza kulia kabla ya kufika kwenye ubatizo.

Baba alizaliwa hapa Ihanda mwaka 1901, akabatizwa tarehe 12 Aprili 1914, akasoma shule ya misheni miaka mitatu, akajua kusoma, kuandika na kubishana na walimu. Tarehe 6 Juni 1925 alifunga ndoa na mama yetu, Roda, wakajaliwa watoto saba, tuliobaki ni watano. Kuanzia 1938 hadi 1942 alipasua mbao machimboni Saza, kisha akarudi kwenye mahindi na kahawa yake.

Tarehe 15 Desemba 1951, Bwana Shauri, ofisa wa serikali wilayani, aliitisha baraza ili wananchi wenyewe waseme soko lijengwe wapi, jumbe akataka liwe kilimani karibu na nyumba yake, wanaume wakaitikia, ingawa waliopandisha mizigo kilima kile ni wake zao, na mama alikuwa ameanguka pale mara mbili, mara ya pili akavunjika mkono. Baba alipopewa nafasi alisema, "Mimi sibebi, anayebeba amekaa kule nyuma, aulizwe yeye." Mjomba Barnaba, kaka yake mama, akamkejeli, "Shemeji, wewe ulioa au uliolewa?" Baba akajibu, "Sijui, shemeji, ila leo nimekula nikashiba." Watu wakacheka, mama akasimama, akaomba soko liwe bondeni, karibu na kisima.

Bwana Shauri aliagiza vigingi vichomekwe sehemu zote mbili, atakuja kupima na kuamua. Baba, nasema kwa heshima, hakupenda kwenda mbali, alikata vyake kwenye ua wa nyuma ya jiko letu, ule wa miti inayochipua ukiichomeka tu, mbuzi wakapita kwenye pengo, wakamaliza maharage ya mama. Bwana Shauri alirudi baada ya miezi ishirini na miwili, vigingi vya jumbe vimeliwa na mchwa, vya bondeni vimekuwa miti, na wanawake wameketi kivulini wanauza ndizi. Aliuliza nani ametoa ruhusa, mama akamwambia, "Si wewe, bwana, uliyesema tuchomeke?" Soko likabaki pale hadi leo, na kila baba aliposifiwa alimtaja mama, naye mama aliyataja maharage.

Mwezi Oktoba mwaka huu baba alianza kubanwa kifua, akafariki Jumapili tarehe 9 Desemba 1956. Tunamshukuru tabibu wa zahanati aliyekuja kwa miguu kwenye mvua mara nne, mjomba Barnaba aliyembeba kwenye machela bila kutaka kupokewa, majirani waliotupikia, wanawake wa sokoni waliofunga biashara leo, na jumbe, aliyeleta unga wa msiba na kuutelemsha kilima kile kwa kichwa chake mwenyewe.

Vijana waliochimba kaburi wamelipima kwa vigingi walivyokata kwenye ua wetu, pengo lilelile limefunguka tena, na mbuzi wameshaingia. Mama ametazama, akasema vigingi visiondolewe. Pumzika, baba, mvua imeshaanza.