Kuizingira Sayari ya Saba

Kibarazani kwa Fundi Cherehani pana benchi moja, birika moja la kahawa na simu moja iliyopasuka kioo. Simu ni ya Fundi. Ndani yake mna mchezo wa vita vya angani, na ndani ya mchezo mna sayari yake aliyoijenga miezi minane: migodi, viwanda, hata bustani isiyo na faida yoyote, kaipanda tu kwa mapenzi. Ukivamiwa na kushindwa, sayari inafutwa yote. Juzi tulimtia maneno mpaka akapeleka meli zake zote mia mbili kuizingira Sayari ya Saba. Sasa sheria ya benchi letu ni kwamba habonyezi mtu mpaka wote tukubaliane. Basi siku ya pili hii meli zinaelea huko zikila mafuta, nasi tunakunywa kahawa.

Wa kwanza kusema alikuwa Jenerali. Tunamwita hivyo, ingawa analinda ghala la mbao na silaha yake ni tochi.

— Tushushe askari mmoja mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

— Si watauawa mmoja mmoja? nikamuuliza.

— Watauawa, ndiyo. Lakini adui atachoka.

Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa kamwacha mteja kitini, kanyolewa nusu ya kichwa, ili aje kutetea hoja yake. Yeye alitaka tushuke wote kwa mpigo, na mizinga.

— Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni ni sisi.

— Apone nini, na mizinga yote hiyo? nikauliza.

— Upweke.

Jenerali akaona anapitwa. Akapendekeza tuzibe jua lao kwa meli. Wakidhani bado usiku hawataamka, tutawakuta wamelala. Kinyozi akasema hiyo ni ya watoto, bora tuwaibie mwezi kabisa, askari wao wasijue tarehe ya kulipwa na wagome wenyewe. Nakiri mimi niliunga mkono, tena nikaongeza kwamba mwezi wenyewe tuufiche nyuma ya jua.

Fundi alikuwa anapinda suruali ya mtu huku jicho liko kwenye simu.

— Jamani, ukitoa ya kurudia, mafuta yamebaki ya saa moja. Tuamue, au nizirudishe.

Jenerali akamwambia vita si kupinda suruali.

Hapo akaingia dada mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake. Akatusalimia, akainama kutazama kioo, akatazama sana.

— Samahanini, kaka zangu. Meli zote mnazo huku kwa watu. Nyumbani mmemwacha nani?

Jenerali akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamkumbuka mteja wake, akainuka. Mimi nikainamisha birika kwenye kikombe, likatoa mashapo.

Fundi akaiweka suruali chini. Akasogeza kioo kwa kidole, taratibu, mpaka sayari yake ikatokea. Juu yake zilikuwa zimefika meli za Sayari ya Saba. Tatu tu, na migodi ilikuwa inawaka. Zetu, hata tungeziita saa ile, zilikuwa mwendo wa siku nzima.

— Sasa nibonyeze wapi? akatuuliza.

Siku mbili tulikuwa na majibu tele. Saa ile mimi niliona haya kweli.